The Wilds: stori nzuri iliyovutwa kama mlenda

Wikiendi iliyopita nimemaliza The Wilds kwa mara ya pili, sizoni zote mbili, na safari hii sikuwa peke yangu, nilikuwa na mdogo wangu wa kidato cha tatu aliyekuja likizo fupi kutoka bweni na binamu yetu wa Bahi, tumetandika mkeka sebuleni hapa Nkuhungu, laptopu juu ya stuli, akaunti ya shemeji, bando nimenunua mimi, na mpaka saa 8 usiku tulikuwa bado tunabishana nani angekufa wa kwanza pale kisiwani kama ingekuwa kweli. Mabishano yale ndio yamenifanya niandike. Hii series naipenda, naipenda kabisa, na ndio maana zile sehemu walizoharibu zinaniuma, series ambayo ni mbaya tangu mwanzo unaizima tu unalala, ila hii nililala naiwaza.

Kama hujaiona na una mpango wa kuiona ishia hapahapa, maana huku chini namwaga ubuyu wote mpaka mbegu.

Haya. Kwa ambao hawaijui, ilitoka Prime Video Desemba 2020, epsodi 10, mtunzi wake ni Sarah Streicher. Wasichana 9 wa sekondari kutoka sehemu tofauti za Marekani wanapandishwa ndege ndogo kwenda Hawaii, wameambiwa ni mafungo ya kuwajenga wasichana, ndege inapata shida angani, wanazinduka wako kwenye kisiwa hakina mtu. Mmoja wao, Jeanette, anafariki siku ileile ya kwanza. Afu humohumo katikati tunarushwa mbele, tunawaona wameshaokolewa, wamewekwa kwenye jengo fulani kila mmoja chumba chake, wanaume wawili wanawahoji, na tena tunarudishwa nyuma kuona kila mmoja aliishije nyumbani kwao kabla ya safari. Sizoni ya pili ikaja Mei 2022, epsodi 8, na Julai mwaka huohuo wakatangaza kwamba basi, haitaendelea.

Sasa kosa la kwanza la mwendo liko kwenye epsodi ya kwanza kabisa, dakika za mwisho. Tunaonyeshwa Gretchen, yule mama aliyeigizwa na Rachel Griffiths, yuko na watu wake mbele ya maskrini, wasichana wanaonekana kwa kamera zilizofichwa, kumbe ajali sio ajali, ni jaribio la mtu. Mara ya kwanza naona hiyo sini nilishika kichwa, imeishia patamu kweli. Lakini kaa ufikirie kidogo. Wametupa jibu kabla swali halijatukaa kichwani. Kuanzia pale Leah, ambaye ndiye steringi kwa kiasi kikubwa, anahangaika epsodi baada ya epsodi kutafuta kitu ambacho sisi tuliokaa kwenye mkeka tayari tunakijua, anahisi kuna mtu anawachezea, anawaambia wenzake, wenzake wanaona amechanganyikiwa, analia, anatulia, kesho anaanza upya, anamshuku Shelby, anamshuku mwingine, wanamwona tena amechanganyikiwa.

Mtazamaji kujua kitu ambacho mhusika hakijui sio kosa lenyewe, hapo nielewekeni. Bibi yetu alikuwa anatusimulia za fisi na sungura jioni, na mtoto wa miaka 5 anajua kabisa fisi anadanganywa na bado amekodoa macho. Lakini bibi hakumdanganya fisi kwa namna moja usiku kucha, kila safari fisi alikuwa anapoteza kitu, leo nyama, kesho mkia, keshokutwa nyumba, kwahiyo unakaa unasubiri safari hii ataondokewa na nini. Leah kila akizunguka anarudi palepale alipoanzia. Sarah Pidgeon anaigiza vizuri mno, yale macho yake ya mtu asiyelala yanatisha, nikimuangalia nasikia uchovu wake, ila waandishi wamempa njia ya mviringo, na mdogo wangu kufika epsodi ya sita alikuwa anasema "Dada, mrushe mbele huyu, twende kwa Dot." Msichana wa miaka 16 anaomba steringi arushwe mbele. Hiyo inatosha kujua kuna kitu hakijakaa.

Afu kuna hizi intavyuu. Wazo lenyewe zuri, kila msichana anakaa kwenye kiti anasimulia upande wake, anaficha anachoficha, na wewe unapima. Shida ni kwamba stori ya kuokoka porini inaendeshwa na swali moja, nani atatoka hai, na ukishamuonyesha mtu ameoga, amevaa nguo safi, anahojiwa, umeshamalizia mwenyewe. Kuna sehemu wanahangaika kwenye maji, muziki umepanda, mimi roho juu, binamu yetu kwa sauti ya upole kabisa akauliza, "Lakini dada, huyu si tumemuona kule ofisini?" Nikakosa cha kujibu. Hofu ikaondoka pale sebuleni kama mtu aliyefungua mlango.

Ila kuna kitu kimoja hapo walikifanya kwa akili sana na nataka kukisema kwasababu wengi wanapita bila kukiona. Ukihesabu wanaohojiwa sizoni ya kwanza, kuna ambao hawapo. Martha hayupo. Nora hayupo. Hakuna anayekuambia kwanini, we mwenyewe unaanza kuhesabu viti, na kuanzia hapo kila Martha akicheka unasikia kitu kinakukaba kooni. Vilevile Rachel, mapema kabisa tunaonyeshwa kwenye intavyuu kwamba mkono wake mmoja umekatika, na kule kisiwani bado mzima ana mikono yote miwili, ni mpiga mbizi, yule dada wa kuruka kwenye maji kutoka juu, mwili wake ndio kila kitu kwake, basi kila akiingia baharini unaangalia ule mkono. Hiyo ni saspensi ya haki, imejengwa na kitu kimoja kidogo ulichoonyeshwa na ukaachwa nacho. Wangeendesha intavyuu zote kwa mtindo ule, unaonyeshwa kovu bila kuambiwa habari yake, tusingekuwa na malalamiko.

Sasa nije kwenye maji, na hapa nisameheni nitakaa kidogo.

Mimi nimesoma bweni miaka 4 mkoani hapahapa Dodoma, na yeyote aliyesoma bweni huku anajua kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua zinaponyesha Desemba hali inakuwaje. Bomba likikauka tulikuwa tunabeba ndoo alfajiri kwenda korongoni, ule mto wa mchanga ambao kiangazi hauna tone juu, unafukua mchanga mpaka kiunoni, unakaa pembeni unasubiri maji yajikusanye taratibu chini, unachota kwa kikombe, ndoo moja ya lita 20 inaweza kukumalizia asubuhi nzima. Na pale ndipo nilipojifunza watu. Yule dada kiranja mpole wa kanisani ndiye aliyekuwa anachota akiondoka na kikombe cha wote. Yule tuliyemuita mkorofi ndiye aliyekuwa anabaki nyuma kumsubiri mgonjwa. Kiu haikufanyi useme maneno marefu ya hisia, kiu inakufanya unyamaze, uhesabu, uangalie ndoo ya mwenzako. Mabishano yetu yote makubwa yalikuwa ya vitu vidogo kabisa, nani amenawia uso maji ya kunywa, nani amemwaga.

Kwahiyo nilipoanza The Wilds nilikuwa na njaa ya hicho kitu, na siku za mwanzo kipo. Zile siku wanagawana vitu vilivyookotwa, wanakagua mabegi yaliyotupwa ufukweni, wanagombana nani afanye kazi na nani amekaa tu, nilijiona nimerudi bwenini. Lakini wakishapata maji ya kunywa, habari ya kiu inafutika, na njaa inakuja ikihitajika na stori na kuondoka stori ikiwa na kazi nyingine. Siku moja wako hoi hawawezi kusimama, epsodi inayofuata wana nguvu za kupiga stori usiku kucha kando ya moto, ngozi inang'aa, midomo laini. Hapa mjini upepo wa mwezi wa saba tu unapasua midomo ya mtu aliyekunywa chai na kupaka mafuta. Sidai uchafu kwa ajili ya uchafu, nasema mwili ndio saa ya stori kama hii. Kila epsodi imepewa jina kwa hesabu ya siku za kisiwani, siku ya kwanza, siku ya pili na kuendelea, lakini siku hizo huzioni kwenye miili yao, inabidi usome kwenye skrini.

Halafu wanakupiga na ile ya mbuzi, na hapo unajua walikuwa na uwezo wote. Martha ni msichana anayependa wanyama kupita kiasi, hawezi kuumiza hata mdudu, na njaa ya wenzake inamfikisha mahali anamuua mbuzi. Sisi huku mbuzi ni kitu cha kawaida, binamu yetu amechinja tangu ana miaka 10, na yeye ndiye alikaa kimya kuliko wote. Akasema baadaye kwamba kilichomgusa sio mbuzi, ni mikono ya Martha, kwamba ule mshiko ni wa mtu ambaye hajawahi kushika kisu kwa kazi ile na ameamua. Sini ile haijakimbizwa. Wameiacha iende kwa mwendo wake, hakuna intavyuu inayokatiza, hakuna Gretchen. Jenna Clause pale anastahili sifa zote. Ndio nasema, kumbe mnajua! Kwanini hamkufanya hivyo kila mahali?

Tukiwa kwa wahusika, Dot ndiye kipenzi changu na sitabadilika. Shannon Berry kamuigiza msichana aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho, akiwa bado mwanafunzi, akiuza dawa shuleni ili mambo yaende, na unaliona hilo kwenye kila anachofanya kisiwani, anavyogawa chakula bila kusubiri shukrani, anavyoongea kwa kifupi, anavyojua kukaa na mtu anayeumwa. Kila ukoo una dada wa namna hiyo, yule anayepigiwa simu msiba ukitokea. Lakini angalieni wanachomfanyia. Epsodi yake ikishapita, yale ya baba yakishasimuliwa, anageuzwa kuwa mtunza stoo wa kundi, anawasha moto, anasema neno moja la busara, kamera inahama. Mtu mwenye uzito kuliko wote pale anakuwa fanicha. Na hii ndio tabia ya series nzima, kila msichana anapewa zamu ya flashibaki, zamu ikiisha anarudishwa kwenye foleni mpaka siku watakapomkumbuka.

Fatin ni kinyume chake na ndio maana watu wanampenda. Anaanza kama mtoto wa matajiri asiyetaka kushika kitu, anapiga chelo, baba yake ana siri na yeye ameianika mbele ya kila mtu, na kisiwani siku za kwanza nilikuwa namchukia kweli kwasababu bwenini kulikuwa na wa hivyo, anakaa na kioo wenzake wako korongoni. Afu taratibu, bila hotuba, bila sini ya "nimebadilika jamani", unakuta ndiye anayemshika Leah asidondoke. Ule urafiki wa Fatin na Leah ndio kitu bora kwenye sizoni ya pili nzima, Sophia Ali anasema sentensi mbili unacheka, ya tatu unanyamaza. Tofauti ya Fatin na Dot ni moja tu, Fatin waliendelea kumuandika hata flashibaki yake ilipokwisha.

Na Shelby, kama kuna mwandishi yeyote mdogo anayetaka kujifunza namna ya kufungua mhusika kidogokidogo amuangalie Shelby wa sizoni ya kwanza. Mtoto wa familia ya dini sana ya Texas, mashindano ya urembo, tabasamu muda wote, sala muda wote. Kwenye intavyuu tunamuona kichwa kipara na hatujui kwanini. Afu tunagundua meno ya mbele ni ya bandia. Afu kuna rafiki yake marehemu. Kila siri ikifunguka inajibu swali moja na kuacha jingine, haziji zote siku moja, na ugomvi wake na Toni, mwenzake wa palepale kisiwani, unapogeuka mapenzi umeshaona njia yote iliyowafikisha kule kwenye mti wa matunda, hakuna aliyeruka hatua. Nisimame hapo niwaambie wazazi na walezi, humu kuna mapenzi ya wasichana wawili, kuna matusi, kuna dawa za kulevya na kuna unyanyasaji wa kingono, mimi mdogo wangu nilimrusha mbele sehemu kadhaa na nyingine tulisimamisha tukaongea. Usimuwekee mtoto afu uende jikoni.

Gretchen sasa. Nampenda aliyeigiza, simpendi alivyowekwa. Anataka kuthibitisha kwamba wanawake wakiachwa peke yao watajenga dunia bora kuliko hii, na nyuma ya hilo kuna mtoto wake wa kiume Devon, aliyeingia matatani kwa kifo cha kijana mwenzake kwenye mambo ya chuo, na yule marehemu ndiye Quinn, mpenzi wa Nora, na hapo ndipo unaelewa kwanini Nora alikubali kuwa mtu wa ndani wa mradi, msichana mpole anayeandika kwenye daftari kumbe anajua kila kitu. Ukilisimulia hivyo ni zito, na lile la Nora lilinishtua kweli, kwasababu linatoka kwenye majonzi, sio kwenye ubaya. Lakini kila stori ikipamba moto kisiwani tunakatwa kwenda ofisini kumsikiliza Gretchen akiwaelezea wafanyakazi wake kitu ambacho wao lazima wanakijua, wanafanya naye kazi! Anaelezea kwa ajili yetu. Ni kama umekaa unasikiliza zeze, mpigaji amefika pale kidole kinapotetemeka, mtu anaingia kusoma matangazo ya kikao.

Sizoni ya kwanza ikaisha na papa kumvamia Rachel baharini, na Leah kuingia kwenye chumba cha maskrini na kukuta kuna kundi jingine, wavulana. Hapo tulisimama wote watatu. Binamu yetu alikuwa anatembea sebuleni, saa 7 hiyo, bando limebaki kidogo, nikaongeza.

Na sizoni ya pili ndio ikatuvunja nguvu.

Wameleta wavulana 8. Wanane! Na epsodi zimepungua kutoka 10 kwenda 8. Hebu tupige hesabu ya dukani tu, sizoni ya kwanza kila msichana alikuwa anabanwa na sehemu nne, kisiwani, nyumbani kwao, chumba cha mahojiano na ofisi ya Gretchen. Sasa zidisha, kisiwa cha wasichana, kisiwa cha wavulana, flashibaki za wavulana, mahojiano ya wavulana, wasichana kule kwenye jengo, Gretchen yuko palepale. Epsodi ya karibu saa moja ukiigawa hapo kila sehemu inapata kama dakika 10. Dakika 10 humalizi hata kumenya viazi. Majina ya epsodi yenyewe yanabeba hesabu mbili za siku, za wasichana na za wavulana, na ukisoma tu unaona gari limebeba abiria mara mbili kwa injini ileile.

Matokeo yake wavulana wamekuja kila mmoja na kibandiko kifuani. Kirin mwanamichezo mbabe, Ivan mwanaharakati, Josh mwenye hofu ya kila ugonjwa, Henry mwenye huzuni, Seth mchekeshaji wa kundi, Rafael mpole anayefuata mwenye sauti. Scotty na Bo ndio walau wana kitu cha pamoja, urafiki wa watoto waliokulia kwenye shida, na kila walipotokea nilitaka wakae zaidi, hawakukaa. Sio waigizaji, waigizaji wanajitahidi, Rafael ana uso unaobeba mengi. Ni muda. Msichana kama Shelby tulimjua kwa kipara, meno, sala, marafiki, kwa epsodi 10. Hawa tumepewa maelezo kama ya fomu ya kujiunga shule.

Na kuna jambo moja lililoniudhi kwa dhati. Seth anamfanyia Josh unyanyasaji wa kingono. Ni tukio zito mno, na nilishukuru kwamba series imethubutu kuonyesha kwamba mvulana naye anaweza kufanyiwa hivyo, maana huku kwetu mvulana akifanyiwa ananyamaza mpaka kaburini, nani atamsikiliza? Nikakaa sawa nikisema hapa sasa watatulia, wamsikilize Josh. Hawakutulia vya kutosha. Kundi linagawanyika, hasira zinapanda, stori inageukia nini wamfanye Seth, na Josh mwenyewe, anavyolala usiku ule, anavyokaa karibu na wenzake kesho yake, anavyokula, tunavipata kwa vipande vipande kati ya safari za kwenda kwa Leah na kurudi. Tukio kama lile ukilileta unalipa muda wake wote au usililete kabisa. Mdogo wangu aliuliza, "Sasa huyu kaka anaongea na nani?" Na mimi nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Upande wa wasichana wamevuliwa. Nora yuko pembeni kwa sehemu kubwa. Martha, yule wa mbuzi, yule tuliyekuwa tunahesabu kiti chake sizoni nzima, tunamkuta kwenye jengo amelala hajitambui, na njia iliyomfikisha pale imepitishwa haraka kwasababu kuna wavulana wanasubiri zamu. Nilisubiri jibu hilo tangu 2020. Hata kisiwa chenyewe hakina uso uleule, sizoni ya kwanza walipiga New Zealand na ya pili Australia, na mimi nililisikia hilo kabla sijalisoma popote, ule ufukwe tulioujua jiwe kwa jiwe umekuwa mahali tu pa kusimama.

Leah je? Bado anazunguka. Sasa yuko kwenye jengo, ameona maskrini kwa macho yake, ana ushahidi, na bado stori inamrudisha kwenye kuonekana kichaa. Hapo ndipo niliposema hapana. Mtu akishaona, mpe nafasi ya kutenda. Kumuonea mhusika hakumfanyi awe na kina.

Mimi ningewaacha wavulana nje ya sizoni ya pili. Wawepo kwenye skrini tu, kwa mbali, Leah awaone anapopita, tusijue majina yao, tukae na wasichana 8 mpaka tumalize habari ya Martha na habari ya Rachel na dada yake Nora, afu ndio mlango ufunguliwe. Au kama lazima waje, aje mmoja. Rafael peke yake, kwenye chumba cha mahojiano, tumsikilize yeye tu na tuwajue wenzake kupitia mdomo wake. Ungekuwa na kisiwa kizima usichokiona, na kisichoonekana ndicho kinachotisha, kile kiti cha Martha kilitufundisha hivyo.

Sizoni ya kwanza naipa 8 kwa 10 bila kusita na nyingine mbili nimezitoa kwa Leah na kwa Gretchen. Ya pili 5, na nne kati ya hizo ni za Fatin. Ukiwa na bando la kubana angalia ya kwanza yote, usirushe ile ya mbuzi, afu ya pili tafuta sehemu za Fatin na Leah. Na ujue kabisa kwamba mwisho haupo, wasichana na wavulana wanakutana, Gretchen na watu wake wameshaondoka, jaribio linaendelea, na hapohapo ndipo ilipokatwa.

Jumapili nimemsindikiza mdogo wangu stendi ya Nanenane, amebeba begi na ndoo mpya ya lita 20 yenye mfuniko, kaiandika jina kwa maka pande zote mbili. Gari limeshawaka, kondakta anaita, akageuka dirishani akaniuliza, "Kwahiyo dada, walitoka au hawakutoka?" Nikamwambia hawakutuonyesha.